Buick ya Siku Mbili

Jumamosi saa saba mchana mume wangu aliingiza gari jeusi uani kwetu na kukata kamba yangu ya nguo. Shuka tatu nilizokuwa nimeanika zilianguka juu ya boneti, na majirani wakapiga vigelegele kana kwamba ni bibi harusi aliyefunikwa shela. Nilitoka jikoni, nikaokota shuka zangu, nikazikung'uta vumbi, ndipo nikalitazama gari.

Lilikuwa Buick ya milango minne, iliyotumika lakini imetunzwa, ndefu kiasi kwamba mkia wake ulibaki njiani.

"Ya nani?" nikauliza.

"Ya kwetu, kama unataka," Godefroid akasema. "Mpaka Jumatatu saa mbili."

"Na gari letu liko wapi?"

Alitazama viatu vyake. Gari letu, Volkswagen ya kijivu tuliyokuwa nayo tangu Kambove, alikuwa ameliacha rehani kwa Bwana Pierre, Mbelgiji aliyeuza magari yaliyotumika nyuma ya stesheni. Mapatano yalikuwa rahisi: tungejaribu gari kubwa siku mbili, na Jumatatu asubuhi tungesema ndiyo au hapana. Tukisema ndiyo, Bwana Pierre angebaki na gari dogo na sisi tungeongeza akiba yetu yote. Mfukoni Godefroid alikuwa na barua iliyosainiwa, ya kuwaonyesha polisi kwamba hakuliiba. Mwaka huo, 1957, Waafrika wenye gari Élisabethville, Kongo ya Wabelgiji, tulijuana kwa majina, na mwenye gari kama lile hakuwepo hata mmoja.

"Unaleta motokari ya gavana kwa muntu mwenye mimba ya miezi nane," nikasema. "Nifanye nayo nini?"

"Ingia nyuma. Lala."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Mama Wivine, nakuomba. Lala tu."

Nilielewa. Mama yake, Mama Mwape, aliyekuwa amekuja kutoka Kasomeno kunisaidia wakati wa kujifungua, alielewa pia, maana aliacha kucheka. Nikaenda kuchukua utepe wangu wa kushonea. Siwezi kulala kwenye kitu ambacho sijakipima. Kiti cha nyuma kilikuwa sentimita mia moja arobaini na nane. Nikavua viatu, nikapanda, nikalala chali na magoti yamekunjwa kidogo tu. Dari lilikuwa mbali. Mgongo wangu ulitulia, tumbo likakaa mahali pake, na mtoto akageuka taratibu kama mtu anayejipangia kitanda.

Nilichukia jinsi nilivyojisikia vizuri.

Lazima niseme habari ya Kambove, kwa sababu bila hiyo Godefroid ataonekana mtu wa majivuno tu. Mimi nilisomea kwa masista miaka mitatu, nina diploma ya msaidizi wa mkunga. Najua kwamba mwanamke mjamzito akivuja damu, cha kwanza ni kumlaza. Miaka miwili kabla ya hapo, tulipokuwa tunakaa Kambove, nilianza kuvuja damu mwezi wa nane wa mimba. Godefroid alinipakia kwenye Volkswagen. Kiti cha nyuma kilikuwa kifupi na barabara ilikuwa mashimo matupu. Nilikaa nimejikunja, magoti yamegonga kiti cha mbele, nikisema, "Nilaze, nilaze," na hapakuwa na mahali pa kunilaza. Mtoto, mvulana, alizaliwa amekufa. Tangu siku hiyo Godefroid hakuwahi kupita karibu na gari lolote bila kutazama kiti chake cha nyuma.

Sasa tulikaa karibu na mto Naviundu, mbali na maternite, hospitali ya kujifungulia, na gari la wagonjwa lilikuwa moja kwa mji mzima. Daktari alikuwa ameniambia: tone la kwanza la damu, njoo, na uje umelala. Kila nilipokwenda chooni nilitazama kitambaa. Nilikitazama mara kumi kwa siku, halafu nikaosha mikono na kwenda kupika.

Jioni ile tulibishana.

"Inakunywa benzini kama ngamia," nikasema.

"Ulishaona ngamia, weye?"

"Na matairi? Na siku ikiharibika?"

"Mimi ni karani wa vipuri miaka tisa. Siku ikiharibika nitajua pa kwenda." Alikuwa na jibu kwa kila kitu. "Ulinyooka au haukunyooka?"

"Nilinyooka."

"Basi."

Mama Mwape alikuwa anachambua maharage mlangoni. Alisema bila kuinua kichwa, "Kitu kikubwa hakina mwenyewe. Kesho uiache hapa ndani. Usiende nayo misa."

Godefroid akacheka. Angefanya vizuri kusikiliza.

Jumapili alitupeleka misa. Alisema ni kwa ajili yangu, nisitembee. Lakini kanisa lilikuwa na uwanja upande wa nyuma, wenye kivuli, na yeye aliliegesha gari mbele, juani, mlangoni kabisa, mahali ambapo kila mtu aliyeingia ilibidi alizunguke. Binti yetu Wivine, mwenye miaka tisa, alishuka kama malkia. Nami nilishuka, siwezi kukana, nikiwa nimeinua kidevu.

Mwisho wa misa padri alitangaza kwamba mzee Mwenze, mstaafu wa reli, amefariki alfajiri, na atazikwa leo hii saa tisa. Nilihisi mkono wa mama mkwe ukinifinya. Godefroid alikuwa amebadilika rangi.

"Ni nini?" nikanong'ona. "Tumpe mjane pole, halafu twende nyumbani."

"Mwenze ni Uyoga," akasema.

Kwetu kaskazini, kwa Waluba, mambo haya hatuna kwa namna hiyo, kwa hiyo nilichukua miaka kuyajua. Watu wa mume wangu wana koo, na kila ukoo una watani wake. Mume wangu ni wa ukoo wa Mvua. Uyoga hauoti bila mvua, basi watu wa Uyoga na watu wa Mvua ni watani. Wanatukanana mchana kweupe na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Akikasirika analipa kuku. Na wanazikana. Uyoga akifa, ni Mvua anayembeba. Kwa hilo hakuna kukataa. Mpaka siku ile hatukusumbuliwa sana, kwa sababu ndani ya Volkswagen jeneza haliingii. Watu walikodi lori, na Godefroid akaenda kubeba kwa bega lake kama wengine.

Walikuja saa saba na nusu, kabla hatujamaliza ugali wetu. Mbele alikuwa Chomba, mpwa wa marehemu, mwanamume mnene mwenye sauti ya tarumbeta, na nyuma yake watu kama ishirini.

"Weye Mvua! Toka inje! Uyoga inakauka tangu asubuhi, weye unakula bukari?"

"Uyoga yenu ilikuwa na funza tangu zamani," Godefroid akajibu kutoka mezani. Ilibidi ajibu. Watu wakacheka.

"Tunaambiwa kanisani ya kwamba unanunua sanduku ya maiti yenye magurudumu," Chomba akasema. Alizunguka Buick, akaipigapiga mgongoni kama ng'ombe. "Mama yangu! Hata weye Mvua, pamoja na masikio yako, unaweza kulala humu. Asante sana. Mjomba atafurahi."

"Haiko yangu. Ni ya kujaribu."

"Basi tunakusaidia kuijaribu."

Niliinuka. Nilisimama mlangoni na tumbo langu mbele, ili walione vizuri.

"Baba Chomba," nikasema, "mimi niko karibu. Motokari hii ilikuja kwa ajili yangu. Nikishikwa leo, nitaenda na nini?"

Chomba akavua kofia. Hakuwa mtu mbaya. "Mama, hatuendi Ulaya. Ni makaburini na kurudi. Saa kumi bwana yako iko hapa."

Nilimtazama Godefroid. Nilitaka aseme hapana. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyeshikwa mikono yote miwili.

"Saa kumi," akaniambia polepole. "Nitarudi saa kumi. Nikikataa, Mama Wivine, siku yangu mimi nani atanibeba?"

Jeneza liliingia nusu kwenye buti, nusu likabaki nje. Waliomba kamba. Ile kamba yangu ya nguo ilikuwa bado chini pale ilipokatika, wakalifungia hiyo. Mjane na wanawake watano walijibana ndani. Vijana wakakaa juu ya madigadi. Waliondoka wanaimba, na Chomba alikuwa amepakaza unga kwenye kioo cha mbele, akisema Mvua haijui kunyesha, inajua kunyunyiza tu.

Saa tisa niliosha vyombo. Saa tisa na nusu nikapanga nguo za mtoto ambazo zilikuwa zimepangwa. Nilikwenda chooni, nikatazama kitambaa: hakuna kitu. Saa kumi nikasikiliza njia. Kulikuwa na baiskeli tu, na mtu anayeuza mkaa.

Saa kumi na dakika kumi nilikwenda tena chooni, na damu ilikuwepo.

Ilikuwa kidogo, kama sarafu. Nimeona wanawake wengi, najua inavyoanza kwa kidogo. Sikupiga kelele. Nilitembea mpaka kitandani, nikalala chali, nikamwita mama mkwe.

"Mama, imekuja."

Hakuuliza nini. Aliweka mto chini ya miguu yangu, akamtuma Wivine kwa jirani, akaenda mwenyewe barabarani. Nilimsikia akiuliza kila aliyepita: hamkuona motokari nyeusi? Mmoja akamjibu kwamba imepita makaburi, imeenda kurudisha wanawake nyumbani kwao, mmoja mmoja, huko mbali, kwa sababu mjane ameomba. Nani angemkatalia mjane?

Nililala. Nilihesabu mabati ya dari, nikahesabu misumari ya mabati. Mtoto alikuwa kimya. Nilimgusa kwa vidole viwili pembeni, kama tulivyofundishwa, naye akangoja, akangoja, halafu akasukuma. Nikapumua. Nikaanza tena. Hofu haikunifanya nilie. Ilinifanya nipige hesabu. Kutoka hapa kwenda maternite kwa miguu: haiwezekani. Kwa machela: watu wanne, na wanaume wote wako mazishini. Kwa baiskeli: nitakaa, na kukaa ndiko kulikoniulia mtoto.

Saa kumi na moja na dakika arobaini nilisikia injini.

Godefroid aliingia mbio, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Jirani alikuwa amemwambia njiani. Alinibeba yeye na Chomba, bila utani sasa, mpaka uani. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Ndani mlinuka jasho na udongo mbichi, na majani ya kufunikia jeneza waliyoyabeba wanawake yalikuwa yametapakaa sakafuni.

Mama Mwape alisimama mbele ya mlango, mikono ameitandaza.

"Hapana. Mimba haipandi motokari ya maiti. Hapana, Godefroid. Unataka kuzika mara mbili siku moja?"

Na mume wangu, mtu wa kusoma, karani wa miaka tisa, akasimama. Nilihisi mikono yake ikilegea chini ya mgongo wangu. Alikuwa anaamini.

"Mama," nikasema, "sogea."

"Mwanangu, mimi sikukatazi kwa ubaya..."

"Najua. Nisikilize. Siku ya Kambove motokari yetu ndogo ilikuwa safi. Haikuwa imebeba maiti hata mmoja. Na mtoto alikufa. Wakati wa kurudi tulimrudisha ndani ya motokari hiyo hiyo, mimi mwenyewe nikimpakata. Tangu siku hiyo sisi wote tunapanda motokari ya maiti, Mama. Hata weye. Ilikuleta kutoka Kasomeno."

Mama Mwape alishusha mkono mmoja, halafu mwingine. Alivua kitenge chake cha juu, akakitandika juu ya kiti, akaingia wa kwanza, akapiga magoti pale chini kwenye majani, ili akishike kichwa changu.

Njia nzima nililala nimenyooka. Godefroid alikuwa sahihi kuhusu hilo, na nilimwambia baadaye.

Maternite ilijaa. Mtawa aliyenipokea alikuwa amenifundisha zamani. Alinipima, akasikiliza moyo wa mtoto kwa muda mrefu, akaniuliza nilianza lini.

"Saa kumi na dakika kumi, ma sœur."

Akatazama saa ya ukutani. "Na ulikuwa wapi wakati wote huo?"

"Nilikuwa nangoja motokari."

Damu ilikauka usiku. Asubuhi mtawa alisema si kama ya Kambove, lakini si kitu cha kuchezea. Vitanda havikutosha. Nirudi nyumbani, nisiinue hata ndoo, zimebaki wiki tatu, na tone lolote nirudi mbio, nimelala.

Godefroid alikuja saa moja kasorobo. Alikuwa ameosha gari. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akavua kofia, akaivaa tena.

"Bwana Pierre anangoja saa mbili," akasema. "Nimwambie ndiyo. Si uliona mwenyewe? Ilikuleta umelala."

"Ilinileta baada ya saa moja na nusu. Ilikuwa inarudisha wafiwa."

"Ile ilikuwa mazishi."

"Na Jumamosi ijayo?"

Akavua kofia tena, akaichungulia ndani.

"Sema, Baba Wivine. Nani amekuomba tayari?"

"Kasonde," akasema mwishoni. "Binti yake anaolewa Jumamosi. Ni saa mbili tu. Na Mwaba, anasema mama yake yuko Kasenga, hawezi kukaa kwenye lori..."

"Umewajibu nini?"

"Nilisema tutaona."

"Ungewajibu nini?"

Nilimhurumia. Yeye si mtu wa kusema hapana, na sikumpenda kwa sababu ya kusema hapana. Mtu mwingine angeweza kuwa na Buick na moyo mgumu pamoja. Sisi tungekuwa na Buick, na siku ya damu yangu Buick ingekuwa harusini kwa Kasonde.

"Gari dogo hakuna anayeliomba," nikasema. "Liko nyumbani kila siku. Rudisha hili."

"Na ukijikunja tena?" Akainama karibu. "Brigitte. Nilikuona kwenye kioo. Njia yote kutoka Kambove nilikuwa nakuona kwenye kioo."

Aliniita jina langu mara chache sana. Nilimshika mkono, kisha nikauachia, kwa sababu muda ulikuwa unakwenda.

"Nisaidie kuvaa," nikasema. "Naenda na weye. Na kwenye buti mna funguo za nati?"

"Za nini?"

"Mna au hamna?"

Bwana Pierre alitupokea na kalamu tayari mkononi. Alipoambiwa hapana alipandisha mabega, akasema kwa Kifaransa kwamba bei nzuri kama ile haingerudi tena. Nikamjibu kwa Kifaransa kwamba naamini. Volkswagen yetu ilikuwa kwenye kona, ndogo, chafu, imeegeshwa kama kitu kisicho na mwenyewe. Nilifungua mlango wa kulia, nikamwonyesha Godefroid kiti cha abiria cha mbele.

"Ng'oa hicho."

Alinitazama. Halafu akainama, akatazama reli ambazo kiti kimekaa juu yake, akagusa nati moja, akagusa ya pili. Aliuza vipuri miaka tisa; alijua kila nati ya gari lile kwa namba yake. Lakini kiti chenyewe hakuwahi kufikiri kwamba kinatoka. Nami sikufikiri, mpaka usiku ule nilipolala macho wazi maternite, nikisukuma kichwani kile kiti kilichoyagonga magoti yangu Kambove.

"Madame," Bwana Pierre akasema akicheka, "sasa mnaharibu gari zima kabisa."

"Ni letu," nikasema.

Dakika kumi zilitosha. Kiti kilitoka. Godefroid alitandika blanketi pale kiti kilipokuwa, akajaza shimo la miguu kwa gunia na koti lake. Niliingia kwa kujivuta, kichwa na mabega juu ya kiti cha nyuma, makalio juu ya blanketi, miguu imenyooka mpaka mbele. Hakikuwa kitanda. Shingo ilikuwa juu kuliko nilivyotaka, nikasema aongeze blanketi. Lakini magoti yangu hayakugusa kitu.

Alifunga mlango taratibu, akazunguka, akakaa kwenye usukani. Kiti cha abiria tulikifunga juu ya paa. Kutoka chini nilimwona pembeni: sikio, shavu, taya.

"Unanyooka?" akauliza.

"Nanyooka. Twende."

Tulipofika uani, Mama Mwape akatoka jikoni kukimbilia mlango. Nilimpungia mkono kutoka chini, nikamwambia Godefroid asizime injini.

"Geuza. Twende maternite tena. Tazama saa yako."

"Mama Wivine, umechoka."

"Geuza."

Aligeuza. Niliona vilele vya miti vikipita, na mawingu, na waya za simu. Kwenye reli treni ya shaba ilitusimamisha, nikasikia mabehewa moja baada ya lingine, marefu, na mkono wa Godefroid ukigonga usukani. Mtoto alisukuma. Tulipofika mbele ya maternite alisoma saa kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya kifo.

"Dakika ishirini na saba."

"Treni ilitula dakika ngapi?"

"Sita."

"Rudi nyumbani," nikasema, "halafu tujaribu ile njia inayopita chini ya reli."